Nyumba Isibaki Tupu

JUMATANO

Soma Luka 11:24-26. Kwa nini hali ya mwisho ya mtu yule ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza?

Nyumba ile ilikuwa safi. Tatizo lake halikuwa uchafu bali utupu. Ndivyo inavyowapata wengi walioacha pombe, bangi au heroini. Mtu huacha kwa machozi siku ya Sabato, lakini Jumatatu hana kazi ya mikono wala ya akili. Saa aliyozoea kwenda kilabuni inafika, naye amekaa tu. Baada ya miezi michache amerudi kule kule, na washiriki wanasema, "Tulijua."

Soma Danieli 1:5, 8, 17-20. Danieli alikataa nini? Alikubali nini?

Danieli alikuwa mateka, kijana aliyeng'olewa kwao. Angeweza kuizamisha huzuni yake katika divai ya mfalme, nayo ilikuwa ya bure. Aliikataa divai, lakini hakulikataa darasa. Uamuzi wake uliilinda akili. Miaka mitatu ya masomo ikaijaza. Maarifa yalitoka kwa Mungu, lakini yaliwafikia vijana waliokubali kuketi na kusoma.

Joseph Bates, mmoja wa waasisi wa Kanisa la Waadventista, naye aliijua njia hiyo. Mwaka 1810 alikamatwa kwa nguvu mjini Liverpool na kuingizwa katika jeshi la majini la Uingereza. Baadaye akawa mfungwa wa vita, hadi alipoachiwa mwaka 1815 kutoka gereza la Dartmoor. Akiwa nahodha hakuwa mlevi wa kuokotwa njiani. Alikunywa glasi moja tu ya pombe kali wakati wa chakula. Lakini mwaka 1821 aligundua kwamba anaingojea glasi ile kuliko chakula chenyewe. Aliogopa, akaiacha. Kisha akaacha divai, na tumbaku, hatua kwa hatua. Mkewe, Prudence, alimwekea Agano Jipya katika sanduku la safari, juu ya vitabu vingine, naye akaanza kulisoma baharini. Mwaka 1827 aliondoka na merikebu yake, Empress, bila kuruhusu pombe kwa mabaharia. Nafasi iliyoachwa na glasi ilipata mpangaji mpya.

Maombi hayafungi mlango wa hospitali. Tangu mwaka 2011 Muhimbili imekuwa ikiwatibu waathirika wa heroini kwa methadoni. Dawa hutuliza mwili. Bado mtu anahitaji jambo la kumwamsha asubuhi. Aliyeachia shule kidato cha pili anaweza kujiandaa kwa Mtihani wa Maarifa. Mwingine ajifunze useremala au cherehani. Mwenye miaka 35 akikaa dawati moja na wa miaka 17, atachekwa. Achekwe, asome.

Kanisa nalo lina sehemu yake. Ushuhuda wake ukishapigiwa "Amina", nani atamsaidia ada ya mtihani? Mwalimu mstaafu yupi atamfundisha hesabu Jumapili jioni?

Tafakari: Ni saa ipi ya siku inayokushinda zaidi? Utaijaza na nini kuanzia kesho?

Jadilini darasani: Tajeni kimoyomoyo mtu mmoja aliyerudi nyuma. Darasa lenu linaweza kumfungulia mlango gani wa kujifunza kabla robo hii haijaisha?