Samaki Hujenga Misuli ya Mwili

Watu wengi hudhani kwamba shibe na afya ni kitu kimoja. Mtu akishakula ugali akashiba, huona kwamba ameupa mwili wake haki yake yote. Lakini mwili hutaka mambo mawili: nguvu za kufanyia kazi, na vitu vya kuujenga. Ugali, muhogo na wali hutoa nguvu. Vitu vya kujenga ni protini, na samaki wanayo kwa wingi.

Kazi ya protini

Misuli ni karibu sehemu mbili katika tano za uzito wa mtu mzima. Ndiyo imwezeshayo mkulima kuinua jembe na mvuvi kuvuta wavu. Kila siku misuli hubomoka kidogo na kujengwa upya, na matofali ya ujenzi huo huitwa asidi amino. Ziko 20, na katika hizo 9 mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza. Sharti zitoke katika chakula. Mahindi yana upungufu wa mojawapo, iitwayo laisini, na samaki wanayo nyingi. Kwa hiyo ugali unaoliwa kwa samaki hujenga mwili kuliko ugali mtupu, hata ungekuwa mkubwa namna gani.

Kiasi kinachotakiwa

Mtu mzima mwenye afya huhitaji protini gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60, basi, huhitaji gramu 48 kwa siku. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 hutoa kiasi cha gramu 20, nazo nyingine hutoka katika maharagwe, maziwa, mayai na nafaka.

Wala si lazima kununua nguru au kamba wa bei kubwa. Dagaa waliokaushwa vizuri wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao, kwa kuwa maji yamekwisha kutoka. Tena huliwa pamoja na mifupa yao, na hivyo huupa mwili madini ya kuimarisha mifupa.

Watoto na wazee

Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliwaandikia matabibu wenzake habari za ugonjwa wa kwashiorkor. Jina hilo ni la wenyeji wa huko, nalo huhusu mtoto anayeugua baada ya mdogo wake kuzaliwa. Aliona kwamba watoto hao walikuwa wakilishwa zaidi chakula cha mahindi. Miguu yao ilivimba, na chini ya uvimbe ule misuli ilikuwa imekonda. Mzazi asidanganywe na uvimbe akadhani ni unene.

Katika nyumba nyingi baba hupewa kipande kikubwa, na mtoto hutiliwa mchuzi. Mchuzi una ladha, lakini protini iliyo nyingi hubaki katika nyama ya samaki. Mtoto aliyekwisha kuanza kula apewe samaki aliyetolewa miiba yote na kupondwa vizuri. Dagaa waweza kusagwa na kutiwa katika uji wake.

Mzee naye asisahauliwe. Misuli hupungua kadiri umri unavyozidi, na mzee mwenye misuli dhaifu huanguka upesi. Nyama ya samaki ni laini, hata asiye na meno aweza kuila. Lakini chakula peke yake hakitoshi: misuli isiyofanya kazi hudhoofika, basi mzee na atembee na kufanya kazi nyepesi kila siku.

Kuwatunza samaki

Samaki huharibika upesi katika joto. Mnunuzi atazame macho yawe maangavu na matamvua yawe mekundu. Dagaa waanikwe juu ya vichanja, si juu ya mchanga wanakokanyagwa na kuku na mbwa. Mama mjamzito aepuke papa, maana samaki wakubwa walao wenzao hukusanya zebaki mwilini, nayo humdhuru mtoto aliye tumboni.

Siku ya kupika samaki, mpishi na atenge kwanza sehemu ya mtoto na ya mzee, ndipo awagawie wengine.