Bili ya Hospitali Haimfungi Mtu

Msomaji wa Bungoma ameniandikia kuhusu shemeji yake, mwendeshaji bodaboda aliyevunjika paja akapasuliwa katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret. Daktari amekwisha kumruhusu aende nyumbani. Bili ni Sh640,000. Jamaa wamechangishana wakapata Sh180,000. Keshia alizipokea, akatoa risiti, kisha akasema mgonjwa hatoki mpaka salio liishe. Tangu siku hiyo anatozwa Sh5,500 za kitanda kila usiku, na askari wa lango wana picha yake kwenye simu. Msomaji anauliza: wana haki ya kumfungia?

Hawana. Ibara ya 29 ya Katiba inakataza mtu kunyimwa uhuru kiholela au kuzuiliwa bila kesi. Mwaka 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, kila mmoja kwa wakati wake, kwa kukosa pesa baada ya kujifungua. Mmoja alilazwa sakafuni. Mwenzake alifungwa pingu kitandani. Jaji alisema haki zao zilikiukwa, akaamuru walipwe fidia ya Sh1.5 milioni na Sh500,000. Hizo ni pesa nyingi kuliko bili yoyote waliyokuwa wakidaiwa.

Tuelewane, deni lipo. Mgonjwa ametibiwa na hospitali inastahili kulipwa. Lakini deni ni deni, na njia ya kulidai inajulikana: Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Hata baada ya hukumu, hakimu hawezi kumpeleka mdaiwa jela kwa sababu tu ni maskini. Lazima kwanza ithibitike, kwa mfano, kwamba ana uwezo na anakataa kulipa, au anaficha mali yake. Iweje basi mamlaka ambayo hakimu hana yawe ya askari wa lango?

Wengi hunaswa mapema, usiku wa kwanza pale mapokezi. Mgonjwa anavuja damu, jamaa anapewa fomu ya kurasa nne na kalamu, anaambiwa "weka sahihi hapa aanze kuhudumiwa." Katikati ya fomu ile, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba mwenye kusaini ni mdhamini wa gharama zote. Asubuhi yake mjomba aliyetoa tu lifti amekuwa mdaiwa. Sheria ya Mikataba inasema huwezi kushtakiwa kwa kudhamini deni la mtu mwingine bila maandishi uliyoyatia sahihi. Ndiyo maana wanaharakisha hiyo kalamu. Andika kando ya jina lako: "Nimemleta mgonjwa tu, sidhamini gharama." Wakikataa kumhudumia ilhali hali yake ni ya dharura, wao ndio wamevunja sheria. Ibara ya 43(2) inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imefanya kumnyima kuwa kosa la jinai.

Mtego wa pili ndio uliomnasa shemeji wa msomaji wetu. Bili inanenepa huku mgonjwa hapati hata panadoli. Ipige picha karatasi ya daktari ya kuruhusiwa, tarehe ionekane. Kisha mwandikie msimamizi wa hospitali: "Niliruhusiwa tarehe fulani, niko tayari kuondoka, nitalipa salio kwa awamu ya kiasi fulani kila mwezi, gharama ya kitanda baada ya tarehe hiyo siikubali." Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri. Kesi ikifika kortini, karatasi hiyo itaonyesha nani alikuwa mkaidi.

Wa tatu ni hati ya shamba. Mzee wa watu anaombwa aiache kwa keshia "kama ukumbusho tu." Usiiache. Na kama ni ardhi yenye nyumba ya ndoa, haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke au mume, hata mwenye jina kwenye hati akitia sahihi mara kumi.

Maiti nayo? Tangu 1998, katika kesi iliyoihusu hospitali moja ya Mombasa, Mahakama Kuu imesema maiti si mali, kwa hiyo haiwezi kushikwa kama dhamana. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 137, inafanya kuzuia mazishi isivyo halali kuwa kosa. Deni la marehemu hudaiwa kwenye mali aliyoiacha. Haliwarukii watoto wake, ila kama walisaini fomu ile ya mapokezi.

Ukienda polisi, jitayarishe kusikia kwamba "hayo ni mambo ya madai, malizaneni huko." Jibu hilo limewaweka watu wodini kwa miezi. Mwambie OCS, yaani mkuu wa kituo, aandike kwenye OB, kitabu cha matukio, kwamba mtu amefungiwa kinyume cha kifungu cha 263 cha Kanuni ya Adhabu, na umwombe nambari ya OB. Wakati huo huo, nenda Mahakama Kuu ukaombe amri ya habeas corpus, inayomlazimu anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji aeleze kwa nini anamshikilia. Haki hiyo haiwezi kupunguzwa kwa hali yoyote. Jamaa anaweza kwenda kwa niaba ya mgonjwa, Katiba inakataza kutoza ada ya kufungua ombi la kutetea haki za msingi, na korti inaweza kulipokea hata kama halikuandikwa kwa ufundi wa wakili.

Sasa nije kwa sheria yenyewe, maana nayo ina makosa yake. Kifungu hicho cha 263 kinamwadhibu anayemfungia mtu isivyo halali kwa kifungo cha mwaka mmoja au faini ya Sh14,000. Kwa bei ya kitanda cha Eldoret, hizo hazifiki usiku tatu! Hospitali gani itatishika? Nayo Sheria ya Afya imetaja dharura kwa ukali, lakini haina kifungu kinachosema waziwazi kwamba kumfungia mgonjwa aliyepona ni kosa, wala kinachomwadhibu mkurugenzi aliyeagiza. Kila familia imeachiwa ikatafute jaji wake. Na wabunge wanaoweza kuandika kifungu hicho huonekana wodini kila sikukuu, kamera nyuma, wakiwalipia akina mama watano watoke. Hiyo hisani ni ya kuaibisha. Atungaye sheria hana haja ya kukomboa mateka mmoja mmoja.

Hospitali nazo zina malalamiko ya haki: bima ya taifa huchelewesha malipo yao, na madaktari lazima walipwe. Basi wamdai anayechelewesha. Mvunjika paja wa Bungoma si benki ya akiba ya serikali, na akifungiwa hawezi kurudi kazini kuitafuta hiyo pesa.

Kwa msomaji wangu: andika barua leo, uigongeshe muhuri, na kesho asubuhi uwe masjala ya Mahakama Kuu, Eldoret.