Kutumia Kompyuta bila Kuumiza Macho, Shingo na Mikono

Utangulizi

Mtu anayeshinda mbele ya kompyuta, awe karani wa masijala, mhasibu, mwanafunzi anayeandika tasnifu au mfanyabiashara anayetunza hesabu zake nyumbani, hufika jioni na malalamiko yanayofanana na ya wenzake. Macho yanawasha na kuona ukungu, shingo imekaza, kiuno kinauma, vidole vinakufa ganzi. Wengi huamini kuwa chanzo ni “mionzi” ya skrini, na kwa imani hiyo hununua miwani ya kukinga mwanga au dawa za matone. Makala hii inaeleza kwamba chanzo kikuu ni mwili kushikiliwa katika hali moja kwa muda mrefu. Kwa kuwa chanzo ni hicho, sehemu kubwa ya kinga imo mikononi mwa mtumiaji mwenyewe, tena kwa gharama ndogo.

Maradhi haya ni ya zamani kuliko kompyuta. Bernardino Ramazzini, daktari Mwitaliano anayehesabiwa kuwa mwasisi wa tiba ya maradhi ya kazini, alichapisha mwaka 1700 kitabu kuhusu maradhi ya watu wa kazi mbalimbali. Katika toleo la mwaka 1713 aliongeza maelezo kuhusu makarani na waandishi wa zama zake, waliotumia kalamu na wino. Alitaja sababu tatu za mateso yao: kukaa kitini bila kuinuka, mkono kurudia mwendo uleule, na akili kukazwa kwa hofu ya kukosea. Sababu hizo tatu zingalipo katika ofisi za leo.

Macho

Uso wa jicho hulindwa na utando mwembamba wa machozi wenye ute, maji na mafuta. Kila tunapopepesa, kope huutandaza upya utando huo. Tusipopepesa, maji hukauka, utando hupasuka, na jicho huanza kuwasha na kuona ukungu. Katika utafiti uliofanywa Japani kwa wafanyakazi 104 wa ofisini, na kuchapishwa mwaka 1993 katika jarida la New England Journal of Medicine, wastani wa kupepesa ulikuwa mara 22 kwa dakika watu walipokuwa wametulia, mara 10 walipokuwa wakisoma kitabu, na mara 7 tu walipokuwa wakitazama skrini. Hapa ndipo tatizo lilipo: mtumiaji hukodoa macho bila kujua.

Jambo linalowashangaza wagonjwa wengi ni kwamba jicho kavu hutiririka machozi. Ukavu huchokoza neva za konea, nazo huamuru tezi kutoa machozi mengi kwa ghafla. Machozi hayo ni ya majimaji, hayadumu juu ya jicho, na ukavu hurudi. Kwa hiyo mtu anayefuta machozi siku nzima mbele ya skrini huenda anahitaji kupepesa zaidi na kuugeuza upande feni inayompulizia usoni. Upepo wa feni au wa kiyoyozi unaoelekea usoni huharakisha ukavu kuliko skrini yenyewe.

Sababu ya pili ya uchovu wa macho ni msuli mdogo unaozunguka lenzi ndani ya jicho. Tunapotazama kitu cha karibu, msuli huo hujikaza ili lenzi ibadilike umbo. Tunapotazama mbali, hulegea. Saa tatu za kutazama skrini bila kuinua macho ni saa tatu za msuli kujikaza. Ndiyo maana wataalamu wa macho hushauri kwamba kila baada ya dakika 20 mtu atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Mti ulio nje ya dirisha au ukuta wa mwisho wa ukumbi unatosha. Wakati huohuo apepese mara kadhaa kwa kufumba kope kikamilifu.

Umri nao una sehemu yake. Kuanzia takriban miaka 40 lenzi hupoteza unyumbufu, na mtu hushindwa kusoma maandishi ya karibu. Wengi huilaumu kompyuta, ilhali hali hii huwapata pia wakulima na wavuvi ambao hawajawahi kuitumia. Dawa yake ni miwani inayofaa. Hata hivyo, miwani ya kusomea kitabu hupimwa kwa umbali wa sentimita 35 hadi 40, na skrini huwa mbali zaidi ya hapo. Mvaaji hulazimika kuinama mbele, na shingo ndiyo inayolipa. Kabla ya kupimwa macho, pima kwa rula umbali kati ya jicho na skrini yako, umweleze mtaalamu. Anayevaa miwani yenye lenzi za sehemu mbili naye huinua kidevu ili asome kwa sehemu ya chini. Huyo ashushe skrini yake.

Vipi kuhusu miwani inayouzwa kwa ahadi ya kuzuia mwanga wa buluu? Mapitio ya shirika la Cochrane yaliyotolewa mwaka 2023, yaliyojumuisha majaribio 17, hayakupata ushahidi kuwa lenzi hizo hupunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta katika muda mfupi zikilinganishwa na lenzi za kawaida. Mwanga wa buluu unaotoka kwenye skrini ni mdogo sana ukilinganishwa na ule wa jua tunalotembea chini yake kila siku. Mwenye fedha ya kununua miwani hiyo angefaidika zaidi kwa kwenda kupimwa macho.

Lililo hatari kuliko skrini ni matone ya macho yanayonunuliwa dukani bila ushauri. Baadhi yana steroidi. Huondoa wekundu haraka, na kwa sababu hiyo mgonjwa huyapenda na kuyarudia. Yakitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi yanaweza kupandisha presha ya jicho, kuharibu neva ya kuonea na kuleta mtoto wa jicho. Neva ya kuonea ikishaharibika haponyeki. Mtu aliyeanza na muwasho wa kawaida anaweza kuishia upofu kwa dawa aliyoinunua mwenyewe.

Shingo na mgongo

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Kikikaa wima juu ya uti wa mgongo, mifupa ndiyo inayoubeba uzito huo. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukivuta kisianguke. Kwa hesabu za daktari wa upasuaji Kenneth Hansraj, zilizochapishwa mwaka 2014, mzigo unaoikabili shingo iliyoinama nyuzi 15 ni takriban kilo 12, na ukifika nyuzi 60 ni takriban kilo 27. Hizo ni hesabu za kinadharia, si vipimo vya watu hai, lakini zinaonyesha wazi kwa nini anayechungulia kompyuta mpakato iliyo mapajani au simu iliyo kiganjani huumwa shingo.

Msuli uliokazwa bila kulegezwa hupitiwa na damu kidogo, na hiyo huchangia uchovu na maumivu. Kwa hiyo hata mkao mzuri ukishikiliwa mno huumiza. Aliyekaa wima kama askari kwa saa nne atachoka kama aliyejikunja. Mwili unataka kubadilisha mkao: kuegemea nyuma, kusogea mbele, kunyoosha mguu, kusimama.

Mikono

Ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba inayopitisha kano tisa na neva moja. Njia hiyo ikibana, neva huminywa, na mtu huhisi ganzi katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, hasa usiku. Watu husema ni ugonjwa wa kompyuta, lakini ushahidi unaouhusisha na kuchapa peke yake si imara. Ujauzito, kisukari, upungufu wa homoni za tezi ya shingo na unene uliozidi ni visababishi vinavyojulikana zaidi. Mwenye ganzi ya aina hii asiishie kubadilisha kipanya. Apimwe pia sukari.

Maumivu ya kawaida zaidi kwa mtumiaji wa kompyuta ni ya misuli ya kigasha na bega, yanayotokana na mkono kunyooshwa mbali kukifuata kipanya. Kisogeze karibu na kibodi ili kiwiko kibaki ubavuni. Punguza pia safari za kipanya kwa kutumia vitufe: Ctrl na S kuhifadhi, Ctrl na C kunakili, Ctrl na V kubandika, Ctrl na Z kutengua kosa. Vitufe hivi vinne huupunguzia mkono kazi nyingi kwa siku.

Jinsi ya kupanga meza

Mpangilio ufuatao hauhitaji samani maalumu. Fuata hatua kwa utaratibu huu, kwa kuwa kila moja hutegemea iliyotangulia.

1. Anza na kiti. Kaa mpaka nyuma, nyayo zikikanyaga sakafu na mapaja yakilala karibu sambamba nayo. Kiti kikiwa kirefu, weka sanduku imara chini ya miguu. Kiti cha plastiki kisichoshika kiuno hufaa ukiviringisha kanga au taulo na kuiweka nyuma ya kiuno.

2. Fuata kibodi. Viwiko vikunjwe takriban nyuzi 90, mabega yalegee, na vifundo vya mikono vinyooke bila kupinda juu wala chini. Meza ikiwa ndefu, kalia mto, kisha inua miguu kwa sanduku.

3. Weka skrini umbali wa mkono ulionyooshwa, takriban sentimita 50 hadi 70. Ukingo wa juu uwe sawa na macho au chini yake kidogo. Skrini iliyo juu mno hulazimisha kope kufunguka zaidi, na jicho hukauka upesi.

4. Kwa kompyuta mpakato, tambua kwamba skrini na kibodi haviwezi kukaa vizuri kwa pamoja, kwa kuwa vimeunganishwa. Inyanyue juu ya vitabu mpaka skrini ifikie macho, kisha tumia kibodi na kipanya vya nje. Hapa ndipo fedha kidogo huleta nafuu kubwa.

5. Weka meza ili dirisha liwe ubavuni. Dirisha likiwa mbele hutia kiwi. Likiwa nyuma huakisiwa kwenye skrini. Rekebisha mwanga wa skrini ulingane na ule wa chumba.

6. Ukijikuta unainama kusoma, kuza maandishi. Katika programu nyingi za kuperuzi intaneti, bonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha. Herufi zikufuate wewe, usizifuate.

Kuinuka

Mpangilio mzuri wa meza hauondoi haja ya kuinuka. Simama angalau mara moja kila nusu saa au saa moja, hata kwa dakika mbili. Kwa kuwa mtu aliyezama kazini husahau, ni vema mazingira yamkumbushe. Tumia bilauri ndogo ya maji ili uinuke kuijaza, pokea simu ukiwa umesimama, mfuate mwenzako mezani kwake badala ya kumwandikia ujumbe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki na kupunguza muda wa kukaa. Kutembea kwa haraka kwenda kituo cha daladala kunahesabika.

Waajiri nao wana wajibu. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya mfanyakazi. Msimamizi anayemtazama kwa jicho baya mtumishi aliyesimama kujinyoosha anasahau kuwa karani mwenye shingo iliyokaza hukosea hesabu.

Wakati wa kwenda hospitali

Nenda kituo cha afya bila kuchelewa ukiona mojawapo ya dalili hizi: uoni kupotea ghafla, kuona vimulimuli au kivuli kama pazia, jicho jekundu lenye maumivu makali, au kuona vitu viwili viwili. Vivyo hivyo kwa mkono unaopoteza nguvu, maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa au kupungua uzito, na miguu kulegea au kushindwa kuzuia haja. Dalili hizo hazitokani na kompyuta, na kuisingizia kompyuta huchelewesha tiba.

Ukifika kwa daktari, taja kazi yako na saa unazokaa, hata asipokuuliza. Ramazzini aliwahimiza madaktari waongeze swali moja kwa mgonjwa: unafanya kazi gani?

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini jicho kavu hutoa machozi mengi?
2. Skrini yako iko umbali gani kutoka machoni, na ukingo wake wa juu uko wapi?
3. Ni vitufe vipi vinavyoweza kupunguza matumizi ya kipanya?
4. Kwa nini matone ya macho yasinunuliwe bila ushauri wa mtaalamu?
5. Tangu uanze kusoma makala hii, umeinua macho kutazama mbali mara ngapi?