Kuchuja Maziwa Pekee Hakutoshi
Mfugaji, kitambaa cha kuchujia maziwa hunasa nywele, majani na vumbi. Bakteria hawanaswi, wale wa brusela ni wadogo mno, hupita pamoja na maziwa. Tena kitambaa kilichoachwa na unyevu tangu jana huwazidisha, hivyo maziwa yaliyotoka kiweleni yakiwa safi huchafukia kwenye chujio.

Kisuuze kwanza kwa maji baridi, kwani ya moto hugandisha mabaki ya maziwa kitambaani. Kisha kifue kwa sabuni, ukichemshe, ukianike juani. Chujio la chuma kisichoshika kutu husafishika kwa urahisi zaidi, japo bei yake si mchezo.

Hata kiwandani, maziwa yaliyochujwa bado hupashwa joto, kwa kawaida nyuzi 72 kwa sekunde 15. Nyumbani, yachemshe mpaka yatokote kabla ya kunywa.