Zinki Ikizidi Mwilini: Hadhari na Ndoo ya Bati



Ukitoka kuitazama Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyojengwa na Wareno mwaka 1593 hadi 1596, utaingia Mji wa Kale na kuona kiu. Utakunywa maji ya ukwaju au ya ndimu. Nawe kwako Shimba Hills au Mtwapa, siku ya arusi, huwatengenezea wageni kinywaji kama hicho. Je, hukitia katika chombo gani?

Ikiwa ni ndoo au pipa la bati, jihadhari. Bati hilo ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu. Maji matupu hayaidhuru sana zinki hiyo, lakini uchachu huila. Kinywaji kikilala humo usiku kucha, zinki huyeyuka ndani yake, wala huioni kwa macho.

Mnywaji husikia ladha ya chuma mdomoni, kisha kichefuchefu. Hutapika, tumbo humsokota, naye huhara. Hapo watu hutaja kipindupindu, au humshuku jirani, kumbe kosa ni la chombo.

Je, zinki ni sumu tu? Sivyo. Mwili huihitaji: mwanamume miligramu 11 kwa siku, mwanamke 8. Huipata katika nyama, maharagwe na chaza. Mtoto anayehara hupewa vidonge vya zinki zahanatini kwa siku 10 hadi 14. Mmalizie kama ulivyoagizwa. Lakini mtu mzima asizidishe miligramu 40 kwa siku pasipo amri ya daktari. Anayemeza nyingi kwa miezi mingi huzuia shaba isiingie mwilini. Shaba ikipungua, damu nayo hupungua, na miguu hufa ganzi.

Basi daktari akikuambia zinki imezidi, jiulize: imeingia kwa njia gani? Ni chombo, au ni vidonge? Mwonyeshe vyote unavyotumia.

Fanya hivi:

1. Ukwaju, ndimu, siki, tembo na maziwa ya mgando uviweke katika mtungi wa udongo, chupa, au ndoo ya plastiki ya chakula.
2. Ndoo ya bati iwe ya maji ya kufulia na ya mifugo.
3. Wageni wakianza kutapika, zuia kinywaji, wapeleke zahanati upesi, na umwekee Afisa wa Afya kiasi kidogo akipime.

Chombo kizuri ni bei ndogo kuliko kilio siku ya arusi.