Chuo Kikifungwa Ghafla

Tangazo hutoka asubuhi, na kufikia alasiri mabweni yanatakiwa yawe matupu. Ndivyo vyuo vikuu vya Kenya vinavyofungwa siasa zinapochacha, na mambo haya hayakuanza jana. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walirudishwa makwao, wakaamriwa kupiga ripoti kwa chifu, na masomo hayakurejea hadi mwaka uliofuata. Oktoba 2017 chuo hicho hicho kilifungwa tena, siku chache baada ya polisi kuvamia bewa na kuwapiga virungu hata waliokuwa darasani. Usijidanganye basi kwamba usipoandamana hayakuhusu.

Tuanze na nauli, maana ndiyo inayowaumbua wengi. Wa Kiambu atafika kwao hata kwa kukopa. Wa Mandera au Lodwar hawezi kusafiri kwa pesa za chakula cha mchana, na mabegi yakishajaa stendi, nauli nazo hupanda. Muhula unapoanza, tenga nauli ya safari moja, na usiiguse hata mkopo wa HELB ukichelewa. Kama kwenu ni mbali, kubaliana mapema na jamaa au rafiki aliye mjini kwamba atakupokea. Aliyepanga bedsita huko Ngara au Kahawa Wendani hatimuliwi, ila kodi inaendelea kuhesabiwa hata asipolala humo, kwa hiyo azungumze na mwenye nyumba kabla hajaondoka.

Beba kitambulisho cha taifa, cha chuo, vyeti, dawa na kompyuta yako. Godoro litakungoja. Ufunguo wa chumba urudishe kwa maandishi, usije ukadaiwa baadaye. Na kabla ya kufungasha, hakikisha tangazo lenyewe ni la kweli: nyakati hizi barua bandia zenye nembo na sahihi huzagaa WhatsApp, kwa hiyo angalia tovuti ya chuo au baruapepe yako ya chuo.

Vitoa machozi vikirushwa, havichagui dirisha. Ondoka penye moshi, uelekee upepo unakotoka. Usiyasugue macho, yaoshe kwa maji safi mengi, na kama umevaa lenzi zitoe. Nguo zilizoingia gesi vua, uzifue peke yake. Makomredi wengi hujipaka dawa ya meno chini ya macho, lakini haisaidii kitu, tena yenyewe inawasha. Mwenye pumu asitoke bila dawa yake ya kuvuta, na kifua kikiendelea kubana apelekwe hospitali.

Kwa atakayeandamana, Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa haki hiyo, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Waandalizi hutoa notisi kwa polisi siku 3 hadi 14 kabla. Hiyo ni taarifa, si ombi la ruhusa, ingawa maafisa wengi huichukulia kana kwamba ni ombi.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinataka uambiwe sababu, kinakuruhusu kunyamaza na kuwasiliana na wakili, na kinadai ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama muda huo umeishia wikendi. Simu huenda ikachukuliwa, kwa hiyo kariri nambari mbili za watu wako. Ukiumizwa, nenda hospitali, piga picha za majeraha, kisha uombe polisi fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi.

Nanyi wazazi, mkipigiwa simu usiku, ulizeni kwanza kituo ni kipi na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) ni ngapi. Msitume pesa kwa mtu msiyemjua anayedai atamtoa mtoto. Bondi ya polisi hailipiwi. Dhamana ya pesa taslimu nayo hutolewa risiti ya serikali, na hurudishwa kesi ikiisha ikiwa mshtakiwa alifika kortini kila alipoitwa.