Urafiki Usikatike: Kwa Anayeishi na Kumbukumbu za Ajali au Ukatili

Tunduma ni mji wa kelele. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni, breki za upepo zinafyatuka, honi hazilali, harufu ya dizeli inaingia hadi sebuleni. Kwa wengi hiyo ndiyo riziki. Lakini kwa dereva au utingo aliyenusurika ajali, kwa mama aliyekuwa akipigwa, kwa aliyeshuhudia moto wa lori la mafuta kama ule wa Msamvu, Morogoro, ulioua watu zaidi ya 100 Agosti 2019, sauti moja tu inatosha kumrudisha palepale. Moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, anaona na kunusa mambo ya siku ile kana kwamba yanatokea sasa. Hajarukwa na akili, wala si mashetani. Ubongo uliowahi kuponea chupuchupu hubaki macho, ukaona hatari hata isipokuwepo.

Urafiki huumia hapo. Anaondoka katikati ya mazungumzo, hapokei simu, haonekani harusini wala msibani, na wenzake wanasema anaringa. Yeye naye anaona aibu, anazidi kujifungia. Wengi hupotezana hivi bila hata kugombana.

Kama wewe ndiye unayepatwa na hali hii, chagua rafiki mmoja, umwambie siku umetulia. Si lazima umsimulie yaliyokupata. Inatosha kusema: "Breki za lori zikilia ghafla, akili yangu inarudi kwenye ajali. Usinishike. Niite jina, niambie tuko Tunduma, tuko salama." Kama kijiwe cha kando ya barabara kuu kinakutesa, omba mkutane nyumbani. Ukishindwa kufika, tuma ujumbe siku hiyohiyo: "Leo nimezidiwa, si kwa sababu yako." Ukimya ndio unaomfanya mwenzako adhani amekukosea.

Nawe rafiki, usimhoji, wala usimwambie "sahau tu, mbona wengine wamesahau". Akipatwa, ongea taratibu, mtajie siku na mahali mlipo, mwombe akanyage chini kwa nguvu na apumue polepole. Usimpeleke kilabuni ili apoe: pombe humtuliza kwa saa chache, kisha huharibu usingizi na hofu hurudi na nguvu zaidi. Ukichoka, sema umechoka, na mtafute mtu wa pili wa kusaidiana naye.

Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache baada ya tukio. Hali ikizidi mwezi mmoja, nendeni hospitali, Tunduma au Vwawa, muulizie huduma ya afya ya akili. Ikibidi, muombe rufaa kwenda Mbeya. Matibabu ya mazungumzo na mtaalamu husaidia sana. Akitaja kujiua, usimwache peke yake; mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kama ukatili unaendelea, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi hupokea malalamiko ya wanaume pia.

Kama kuna mtu aliyeacha kupokea simu zako, mpigie tena leo.